Mlango Unaobana Baada ya Ukarabati: Tafuta Sababu Kabla ya Kushika Randa

Nyumba imepigwa lipu upya, sakafu ya saruji imevikwa marumaru, kuta zinang'aa kwa rangi, na Idi imekaribia. Halafu mlango wa chumbani haufungi. Ukiusukuma kwa bega unagota juu, ukiuvuta unakwaruza sakafu. Anaitwa seremala, naye huja na randa mkononi, akaparura pale panapobana, akapokea ujira wake na kwenda zake. Miezi michache baadaye, kaskazi ikishika na nyumba ikakauka, mlango ule ule unacheza ndani ya fremu, upepo ukipita unagonga usiku kucha, na mwanya wa pembeni unaingia kidole.

Mbao ikisharandwa hairudi. Kwa hivyo mwongozo huu unaiweka randa mwisho, baada ya mambo mengine yote kujaribiwa. Sababu za mlango kubana baada ya ukarabati ni chache, na nyingi kati yake hazidai kukatwa hata unyuzi mmoja wa mbao.

Vifaa vya kuanzia vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, iwe Mwanakwerekwe, Unguja, au Chake Chake, Pemba: bisibisi nzuri, pimamaji, futi, penseli, patasi, msasa namba 80 na namba 120, gundi ya mbao, karatasi ya kaboni na mshumaa. Ongeza kadi tatu za benki zilizokwisha muda wake. Msumeno na randa viache stoo kwa sasa.

Hatua ya kwanza: usome mlango

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Kadi tatu zikibebana zinapita kidogo milimita 2, na huo ndio mwanya unaotakiwa baina ya mlango na fremu, juu na pembeni. Funga mlango mpaka pale unapokubali, kisha pitisha kadi hizo taratibu kuuzunguka. Pale zinapogoma tia alama ya penseli kwenye fremu; pale zinapopwaya tia alama nyengine. Ukimaliza, simama nyuma uangalie alama zako zote kwa pamoja, maana doa moja la msuguano halisemi kitu, ila mpangilio wa alama zote husema.

Kama huoni hasa panaposugua, shika karatasi ya kaboni baina ya mlango na fremu, upande wa wino ukielekea mlango, ufunge na ufungue. Mbao itabaki na alama ya wino pale pale inapogusa.

Sasa zisome alama. Mwanya ukiwa mpana juu upande wa bawaba, na mlango unasugua juu upande wa kitasa, au kona yake ya chini upande huo huo inakwaruza sakafu, basi mlango umeinama na bawaba ya juu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukibana sawasawa urefu mzima wa upande wa kitasa, ni unyevu au ni rangi. Ukikwaruza chini kwa upana wote, sakafu imepanda. Ukifunguka vizuri mwanzoni kisha ukakwama njiani, sakafu ina mwinuko au fremu haijasimama timazi. Ukikaribia kufunga halafu ukarudi wenyewe kama una springi, tatizo liko upande wa bawaba. Na ukifunga vizuri lakini ulimi wa kitasa hauingii tunduni, mlango huna ugomvi nao. Kinachotaka kusogezwa ni kile kibati cha kwenye fremu.

Hatua ya pili: ondoa uchafu wa mafundi

Hatua hii inachekesha kwa udogo wake lakini inarukwa sana. Fungua mlango wote, upitishe kidole kwenye ukingo wa ndani wa fremu, pale mlango unapoegemea ukifungwa. Mara nyingi utakuta chembe za saruji zilizogandana, tone la gundi ya marumaru, au rangi iliyochuruzika ikakauka kama uvimbe. Chembe ya milimita 3 iliyo karibu na bawaba inatosha kuuzuia mlango mzima usifunge, kwa sababu huko nguvu ya kono la mlango ni kubwa kuliko unavyodhani. Banja kwa patasi kuukuu, usitumie ile kali, kisha pitisha msasa.

Tazama na bawaba zenyewe. Mchoraji asiyezifunika huzipaka rangi pamoja na mlango, na rangi ikijaa katikati ya majani yake haziwezi kukunja sawasawa. Zikwangue mpaka chuma kionekane.

Hatua ya tatu: bawaba

Shika mlango upande wa kitasa kwa mikono miwili, uunyanyue kidogo. Ukisikia unacheza, au ukiona jani la bawaba linaachana na mbao, umeshapata dawa. Wakati wa ukarabati milango hutolewa na kurudishwa zaidi ya mara moja, na kila mara skrubu zinarudishwa kwenye matundu yale yale yaliyokwishalegea.

Kaza kwanza. Skrubu ikizunguka bila kushika, itoe. Chonga vijiti vyembamba vya mbao ngumu, mninga au mvule, vipake gundi, vijaze tundu mpaka libane, uvikate usawa na uso wa mbao na uache gundi ikauke usiku mmoja. Asubuhi toboa tundu jipya dogo na urudishe skrubu. Bora zaidi, kwenye bawaba ya juu badilisha skrubu moja iliyo karibu na katikati ya fremu utie ya inchi 3, ili ipenye fremu na kushika kilicho nyuma yake. Kwenye ukuta wa matofali hakikisha kuna plagi ya plastiki au kipande cha mbao cha kushikia, la sivyo urefu huo wa skrubu ni bure.

Ili skrubu iingie laini, ipake nta ya mshumaa. Wengi hutumia sabuni ya mche. Sabuni huvuta unyevu, na hapa kwetu chuma kinacholowa kwenye hewa ya bahari hakichelewi kula kutu. Kwa sababu hiyo hiyo, ukinunua bawaba mpya chukua za chuma kisichoshika kutu au za shaba, na skrubu ziwe za aina hiyo hiyo. Bawaba ya shaba iliyofungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida haina maisha marefu pwani.

Kama bawaba zote zimekaza na mlango bado umeinama, tia kipande cha boksi gumu la karatasi nyuma ya jani la bawaba ya chini, upande wa fremu. Kwenye mlango wa sentimita 80 ambao bawaba zake zimeachana mita 1.5, kila milimita 1 ya boksi hunyanyua kona ya upande wa kitasa kama nusu milimita. Ni kidogo, lakini mara nyingi hicho kidogo ndicho kilichokuwa kinakosekana.

Mlango unaorudi wenyewe una sababu nyengine. Bawaba zimezama ndani mno, au vichwa vya skrubu vimetokeza na vinagongana. Zamisha vichwa, na kama haitoshi tia boksi nyuma ya bawaba zote kwa unene mmoja.

Hatua ya nne: unyevu, na subira inayotakiwa

Hapa ndipo milango mingi inapoharibiwa na watu wenye nia njema, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukarabati huingiza maji ndani ya nyumba kwa wingi usiouona. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na lita 25 za maji au zaidi. Saruji yenyewe huyafunga maji yapatayo robo ya uzito wake; yaliyobaki yote hayana njia ila kutoka kupitia hewani. Vyumba vilivyokula mifuko 20 ya lipu na sakafu vina zaidi ya pipa la lita 200 la maji linalotafuta pa kwenda. Madirisha yakifungwa ili rangi isipate vumbi, maji hayo huingia kwenye kitu kikavu kilicho karibu, nacho ni milango yako na fremu zake.

Juu ya hayo iko mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Disemba, hewa yenyewe imeshiba maji. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Lipu iliyopigwa Wete mwezi wa Aprili haiwezi kukauka kwa kasi ya lipu iliyopigwa Makunduchi mwezi wa Januari, hata ikiwa fundi ni mmoja.

Mbao ikinywa unyevu hunenepa kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi zake haiongezeki kiasi cha kuonekana. Unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4 hivi, upana wa mbao nyingi huongezeka kama asilimia 1. Mlango wa paneli wa sentimita 80 hupanuka kupitia zile mbao mbili za wima za pembeni tu, kwa sababu mbao za mlalo zimelala kwa urefu wake na paneli zina nafasi ya kucheza ndani ya mifuo. Mbao mbili za sentimita 10 kila moja hukupa milimita 2 za kubana, basi. Mlango wa mbao zilizopangwa wima na kugundishwa pamoja unaweza kuongezeka milimita 8. Mtiki husogea kidogo kuliko mbao nyingi. Mlango wa flashi, yaani ule bapa wenye uso wa plaiwudi, hausogei sana, lakini ukilowa kwenye kingo, plaiwudi huachana. Na ule wa unga wa mbao uliogandamizwa ukilowa chini huvimba, na uvimbe wake haurudi hata ukauanika mwaka.

Kujua kama ukuta bado una maji, kata nailoni safi ya sentimita 40 kwa 40, uibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, jirani na fremu. Iache usiku kucha. Ukikuta vijitone kwa ndani, ukuta bado unatoa maji, na mlango haustahili kurandwa.

Basi fanya hivi. Fungua madirisha mchana, yafunge mvua ikianza. Washa feni ikielekea nje ili itoe hewa, maana pangaboi peke yake linazungusha unyevu ule ule chumbani. Acha mlango wazi, usiulazimishe kufunga kwa teke, kwani fremu mpya inalegea. Kila wiki pitisha kadi zako na uandike kwa penseli juu ya fremu mwanya ni kadi ngapi. Mwanya ukiwa unaongezeka, endelea kusubiri. Ukisimama pale pale kwa wiki mbili tatu, kavu kavu, na mlango bado unabana, sasa una haki ya kuushughulikia.

Seremala akija kabla ya wakati huo, mwambie kwa heshima yake: "Fundi, naomba leo tusirande. Tukaze bawaba, tusafishe fremu, tungoje lipu ikauke. Ikibidi nitakuita." Fundi mzuri hatakasirika, kazi ya kurudi kuziba mwanya ni ngumu kuliko ya kuranda.

Walio Mji Mkongwe wana tatizo lao zaidi. Kuta za mawe na chokaa zilijengwa ziweze kupumua. Zikipigwa lipu ya saruji, maji yanayopanda kutoka chini hayatoki tena usoni mwa ukuta, yanatafuta njia kwenye mbao: fremu, miimo, boriti. Mlango ukibana mwaka hadi mwaka kwenye nyumba ya aina hiyo, ugonjwa uko ukutani. Lipu irudishwe ya chokaa. Na kwa kuwa mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ukitaka kubadilisha mlango au fremu pitia kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Hatua ya tano: sakafu iliyopanda

Tatizo hili halitaki subira. Marumaru ya milimita 8 hadi 10, pamoja na gundi au mota ya chini yake, hunyanyua sakafu sentimita 1.5 hadi 4. Mlango uliokuwa sawa na sakafu ya zamani lazima ukatwe.

Tandika kwanza zulia au mkeka ulionuia kuuweka pale mlango unapopita, kisha upime. Watu hukata mlango kwa kipimo cha marumaru tupu, halafu zulia la Idi likija mlango unalikunja. Acha milimita 8 hadi 10 juu ya kitu kilicho juu zaidi katika njia yote ya mlango, si pale kizingitini tu. Kupata mstari ulio sawa na sakafu, laza kibao chenye unene huo sakafuni, penseli juu yake, uusukume pamoja mpaka mwisho wa mlango.

Utoe mlango, ulaze juu ya meza mbili. Bandika selotepu ya karatasi juu ya mstari, pitisha kisu kikali mara mbili tatu mpaka uso wa mbao ukatike, ndipo ushike msumeno. Bila kisu, uso utapasuka vipande, hasa plaiwudi.

Kwenye ukingo wake wa chini, mlango wa flashi una mbao nzima ya sentimita chache tu. Ndani zaidi ni tupu. Ukikata kupita hapo utaona tundu. Usiufunge hivyo hivyo. Chukua ile mbao iliyobaki kwenye kipande ulichokata, ibandue plaiwudi, uirudishe ndani ya tundu kwa gundi na uibane mpaka ikauke.

Hatua ya sita: randa, ikiwa imebidi

Randa pale tu penye alama ya kaboni, kwa wembe uliotiwa makali na uliotokezwa kidogo sana. Pembeni, fuata mwelekeo wa nyuzi. Juu na chini, anza kila ncha ukielekea katikati. Ukitoka nje ya ncha utaipasua mbao ya wima. Upande wa kitasa ulaze kidogo, ukingo unaotangulia kuingia kwenye fremu uwe umepunguzwa milimita 1 hadi 2 kuliko wa pili. Kama panatakiwa kuondolewa zaidi ya milimita 3, usikate upande wa kitasa. Toa bawaba, randa upande wao, kisha chimba upya vikao vyake kwa patasi. Ni kazi zaidi, lakini kitasa kinabaki pahala pake.

Ikiwa kinachobana ni rangi ya miaka mingi iliyolundikana, ikwangue yote mpaka mbaoni kabla ya kuranda. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowesha msasa kwa maji, funga pua na mdomo, na watoto wakae mbali mpaka vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya saba: rangi pande sita

Mlango una nyuso mbili, kingo mbili za pembeni, ukingo wa juu na ukingo wa chini. Mchoraji hupaka zile nne zinazoonekana. Ukingo wa juu na wa chini ndiko ncha za nyuzi zilikokatwa, na ncha hizo hunywa maji kwa haraka kuliko uso wote wa mlango. Ukikuta mlango unaobana kila masika na kulegea kila kiangazi, panda kiti upapase juu yake: utagusa mbao tupu.

Mlango ukiwa mkavu, na si kabla, utoe, upige msasa namba 120, upake praima na mikono miwili ya rangi ya mafuta au vanishi, juu na chini, pamoja na kila sehemu uliyokata au kuchimba. Rangi juu ya mbao mbichi hutoa malengelenge.

Kama ukarabati bado haujaanza, panga kazi hivi: fremu ziwekewe vishikizo vya kati ili lipu isizisukume ndani, lipu ikauke, sakafu imalizike, ndipo milango ipimwe na kutundikwa, rangi iwe ya mwisho. Milango inayosubiri ilazwe ndani juu ya vibao, si kuegemezwa uwani ambako jua linapiga upande mmoja. Na malipo ya mwisho yasubiri mpaka umefunga na kufungua kila mlango kwa mkono wako, kadi tatu zikipita.

Mlango wa msalani ushughulikie peke yake. Huo unapata maji kila siku kutoka chini, na hakuna rangi itakayouokoa ikiwa ni wa unga wa mbao. Ukishavimba, usirande, utamaliza uso na uvimbe ubaki. Weka wa alumini, au wa paneli wa mtiki uliopakwa pande sita, na upime nafasi yake baada ya marumaru kukauka.